Pua Yangu kwenye Harusi ya Sauda

Nianze na aibu yenyewe ili tumalizane nayo mapema: huku Bwaise kuna wanawake wazima, wengine ni bibi za watu, ambao hawanijui kwa jina langu la Wafula wala kwa kazi yangu ya kutengeneza kompyuta, wananijua kwa pua. Nikienda Kalerwe kununua nyanya, yule anayeuza ananichagulia huku ametazama chini, mabega yanamtikisika, na mwenzake wa meza ya pili anamuuliza, "Ndiye huyu?" naye anajibu, "Ndiye." Mimi nachukua nyanya zangu naondoka. Zamani nilikuwa nasimama kueleza, siku hizi nimechoka, na hata hivyo maelezo yenyewe hayanisaidii.

Mimi ni mtu wa Busia, upande wa Kenya. Nilikuja Kampala kumtembelea binamu yangu na sijarudi mpaka leo (binamu mwenyewe alisharudi). Duka langu liko nyuma kidogo ya barabara ya Bombo, ni chumba kimoja chenye meza mbili na mashine ya fotokopi, na kila kitu kimeinuliwa juu ya matofali kwa sababu mvua ikinyesha huku kwetu maji yanaingia bila hodi. Jirani yangu wa nyuma ni Mama Hawa, Mnubi, mjane wa dereva wa malori, mama mmoja mpole ambaye tangu nifungue duka hajaniacha nianze siku bila chai na mandazi. Nataka mlijue hilo la mandazi kwa sababu ndilo lililoniponza. Mtu anayekulisha bure huwezi kumwambia hapana, na mbaya zaidi, unataka akuone fundi.

Mama Hawa (Hawa ni jina lake mwenyewe) ana watoto wawili. Wa kwanza, Ramadhani, yuko Uarabuni anafanya kazi ya ulinzi, na wa pili ni Sauda, ambaye siku hizo alikuwa anaolewa na kijana wa Arua. Baba yao akiwa ameshafariki, na babu pia, walii wa Sauda, mwenye haki ya kumwozesha, ni huyo kaka yake, na si kwa sheria tu, maana Ramadhani ndiye aliyemlea, akamsomesha kwa mshahara wa kusimama kwenye jua la watu. Sauda alikuwa ameapa kwamba kama si kaka yake wa kumtoa, haolewi. Ramadhani hakupata ruhusa ya kuja. Wazee wakakaa na shehe, shehe akasema kaka mtu anaweza kumpa yeye shehe uwakilishi amwozeshe dada yake, lakini kwa sauti ya simu tu hakubali.

"Sauti inaweza kuwa ya mtu yeyote," alisema. "Nataka mashahidi wamwone uso, wamtambue, halafu aseme mwenyewe."

Hapo ndipo Mama Hawa alipokuja dukani na sahani ya mandazi mara mbili ya kawaida, akakaa, akavuta pumzi, akasema, "Wafula, mwanangu, hiyo kompyuta yako inaweza kunionyesha Ramadhani?"

Nikasema inaweza. Kufikia hapo sijakosea kitu, jamani, kumbukeni.

Alhamisi tulifanya jaribio. Nilikuwa na laptopu moja niliyokuwa nimeifuta yote na kuiwekea Windows upya, nikaiunganisha na televisheni bapa waliyoazima kwa jirani, tukampigia Ramadhani, na mara akatokea. Sasa, ile laptopu nilikuwa sijaiwekea draiva ya skrini. Draiva, kwa msioshughulika na haya, ni kaprogramu kadogo kanakoiambia kompyuta ni skrini ya aina gani iko mbele yake na namna ya kuchora picha juu yake. Kompyuta isipokuwa nayo haikatai kufanya kazi, inabahatisha tu: maandishi yanakuwa makubwa, rangi zinafifia, na sura za watu zinavutwa kwenda pembeni, mashavu yanajaa, shingo inapotea. Ramadhani alitokea mpana hivyo. Mimi nilitazama nikaona aibu ya kikazi.

Mama Hawa yeye alikuwa na simu ya tochi maisha yake yote, kwa hiyo tangu mwanawe aondoke alikuwa anamsikia tu. Alisogea mpaka mbele ya televisheni, akaweka kiganja kwenye kioo, machozi yakaanza kumtoka. Nikaelewa kwamba analia kwa sababu picha ni mbaya (nieleweni, mimi ni fundi, kila anayelia mbele ya skrini nadhani ni skrini).

"Mama, usijali," nikamwambia. "Hiyo ni draiva tu. Siku ya harusi atatokea vizuri, sawasawa kama alivyo."

Yeye alikuwa anamwambia Ramadhani avae kofia.

Basi uamuzi wangu mdogo ndio huo. Picha ilikuwa inaonekana, sauti ilikuwa inasikika, shehe hakutaka zaidi ya hapo, na mimi nikaamua kuitengeneza. Ijumaa umeme ulikatika mtaa mzima, sikugusa kitu. Jumamosi, siku ya harusi yenyewe, nilimpigia Otieno, rafiki yangu mwenye duka Kabalagala, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi, nikamwambia naweka draiva. Akaniambia neno moja tu la maana: "Geuza mashine, soma namba ya modeli iko chini, tafuta ya namba hiyo." Nikaigeuza. Chini nilikuwa nimebandika utepe wa gundi kushika mfuniko wa betri, na namba iko chini ya gundi, na nikibandua betri inadondoka. Nikaona uvivu. Kwenye droo nilikuwa na diski ya draiva ya laptopu nyingine iliyowahi kupita dukani, ya kampuni ileile, rangi ileile, ukiziweka pamoja ungesema mapacha. Nikaitia diski mfukoni nikaenda harusini, nikijiambia ni kazi ya kunywa chai moja.

Sasa niwapange jinsi watu walivyokaa, kwa sababu bila hilo hamtaelewa. Wanaume walikuwa sebuleni: shehe, bwana harusi na wazee wake kutoka Arua waliosafiri kutwa nzima, mashahidi, na mzee mmoja amu yake Sauda aliyekuwa amekaa kama mtu anayesubiri kuitwa. Wanawake walikuwa uani chini ya hema, wamevaa gurbaba zao za rangi, wanaimba, wanapaka hina, vitambaa vya kichwa vimelegea maana wako peke yao. Kwa desturi wanawake hawakai kwenye kufunga ndoa, wanasubiri waletewe habari, lakini Mama Hawa alikuwa ameomba televisheni iwekwe huko kwao uani ili naye amwone mwanawe, na shehe akakubali, wanaume wao wangetazama kwenye laptopu. Kwa hiyo waya ulitoka kwenye laptopu, ukapita dirishani, ukaenda mpaka kwenye hema.

Mimi niliomba chumba cha peke yangu kwanza, niweke draiva kwa utulivu, halafu nipeleke mashine sebuleni. Wakanipa chumba cha kulala chenye magodoro na magunia ya mchele, dirisha lake ndilo lile la waya, na chini ya dirisha ndipo wanawake wamekaa. Nikafunga mlango. Nikatia diski, nikabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, nakubali, mashine ikaomba kuzimwa na kuwashwa upya, nikaikubalia, ikazima, ikawaka, taa zake zikamulika, feni ikazunguka, na skrini ikabaki nyeusi.

Nikasubiri. Nyeusi tii.

Mlango ukagongwa, shehe mwenyewe akachungulia. "Tayari, bwana fundi? Yule kijana alisema ana muda mfupi."

Na ni kweli. Kazini kwake simu haziruhusiwi, angeipata tu akitoka zamu moja, mpaka gari lije kumchukua kwenda zamu nyingine. Ukipita muda huo ndoa hakuna, na wazee wa Arua walikuwa wameshasema wazi kwamba kurudi mara ya pili ni vigumu.

"Ni umeme kidogo, shehe," nikasema. "Unapanda na kushuka. Dakika chache."

Akaenda. Nikampigia Otieno, nikiwa nimeinama juu ya mashine, na haya ndiyo maneno niliyosema, ninayajua vizuri kwa sababu watu wamenirudishia mara nyingi kuliko ninavyopenda: "Otieno, nimeua mashine. Hapana, sikusoma namba. Nimetia diski ya ile nyingine. Nimewaambia ni umeme, hawa watakubali tu, hawajui draiva ni nini." Otieno akaniuliza kama skrini imekufa kabisa au kuna mwanga wa mbali. Ili kuona mwanga wa mbali inabidi usogee, basi nikasogea, nikaweka uso karibu kabisa na kioo, nikainamisha kichwa kushoto, nikainamisha kulia, nikakunja pua, nikafungua mdomo kama watu wanavyofanya wakitazama kitu kidogo. Huko nje wanawake wakaangua kicheko. Nikasema moyoni, bora wao wana furaha. Nikainua tena kichwa, nikachokonoa pua kidogo (mnajua mtu akiwa na mawazo), kicheko kikapanda tena, kuna mmoja akapiga kigelegele.

Otieno akasema nikate simu anifikirie. Nikakata. Nikabaki peke yangu na ule weusi, nikajiona mjinga, nikafumba macho, nikaomba kwa sauti, maana sisi kanisani kwetu hatuombi kimya. "Baba, unanijua. Nitoe hapa leo tu. Ukinitoa hapa naacha kunywa waragi. Naacha kabisa, Baba, hata ya Jumapili jioni." Nje kukawa kimya ghafla, halafu ikasikika sauti ya bibi mmoja ikisema, "Amina."

Nikafumbua macho. Mlango ukafunguka, akaingia Mama Hawa, amejifunga mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Wafula," akasema, "tunakuona."

"Mnaniona wapi, mama?"

"Kwenye televisheni. Tangu mwanzo. Pua yote."

Nilitoka kwenda kuona mwenyewe, sijui kwa nini, mtu mwenye akili angeruka dirisha la upande wa pili. Chini ya hema walikuwa wamekaa wanawake wengi, na mbele yao televisheni kubwa inaonyesha magunia ya mchele na godoro, yaani mahali kichwa changu kilipokuwa. Ile draiva ya mashine nyingine ilikuwa imezima kioo cha laptopu na kupeleka picha yote kwenye televisheni, na ile programu ya kupigia simu nilikuwa nimeipanga ijifungue yenyewe mashine ikiwaka, na ikifunguka kitu cha kwanza inachoonyesha ni uso wa aliyekaa mbele ya kamera. Sauti hawakuhitaji televisheni, dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya waya.

"Kwa hiyo si umeme," akasema shangazi mmoja wa Sauda.

"Si umeme, mama," nikasema.

"Na waragi?"

Na kabla sijapata pa kuweka uso, televisheni ikaanza kulia, simu inaingia, ni Ramadhani. Nikakimbia chumbani, nikabonyeza kupokea bila kuona, kwa kukumbuka tu vidole vilipozoea, na huko nje wanawake wakapiga vigelegele vya kweli. Ramadhani alikuwa kwenye televisheni, amevaa kofia, mpana uleule wa Alhamisi. "Mama," akasema, "harakisheni, gari letu liko njiani."

Na shehe yuko sebuleni, na laptopu ni nyeusi, na picha iko kwa wanawake. Nikajaribu kuvuta televisheni, waya haukufika. Nikaenda sebuleni nikapiga magoti mbele ya shehe, nikamweleza ukweli wote (alishausikia, ukuta ni mwembamba). Wazee wa Arua wakaanza kunong'ona kwamba hawajaona ndoa inayofungwa uani kwa wanawake. Yule amu akasafisha koo, akasema kwa upole kwamba yeye yupo, kama kijana ameshindikana. Nikaona Mama Hawa, mlangoni, uso umembadilika, na nyuma yake Sauda na hina yake haijakauka, akamwambia mama yake polepole, "Kama si kaka, mimi navua hizi nguo."

Shehe akainuka. Akasema, "Waambie wajifunike. Tunakuja."

Basi ndoa ya Sauda ilifungwa uani. Wanawake walijifunika haraka haraka, wengine kwa vitambaa vya meza, shehe na mashahidi na bwana harusi wakasimama pembeni mwa hema wamewapa wanawake mgongo na kutazama televisheni, shahidi wa kwanza akasema, "Huyu ni Ramadhani, namjua tangu anavaa kaptula, ingawa amenenepa." Ramadhani akasema maneno yake yote bila kukosea, ya kumpa shehe uwakilishi. Shehe akaozesha. Mama Hawa alikuwa amesimama palepale, akasikia kwa masikio yake mwenyewe mwanawe akimtoa binti yake na shehe akiozesha, jambo ambalo kama mashine ingekuwa nzima lingemalizikia sebuleni, mbali naye. Watu huniambia nijifariji kwa hilo. Ningeishia hapo mkasa wangu ungekuwa wa kuchekesha tu, na mimi ningekuwa nacheka nanyi.

Lakini mimi nilikuwa na aibu, na fundi mwenye aibu hatulii. Watu wakala pilau, mimi nikaenda chumbani, nikabandua gundi, nikasoma namba kama nilivyoambiwa tangu asubuhi, Otieno akanitumia draiva yenyewe, nikaiweka nikiwa nachungulia televisheni kupitia dirishani, watu wananipisha huku wamevimba mashavu kwa kicheko. Mashine ikazima, ikawaka, na laptopu ikafufuka, maandishi madogo safi, rangi kama zilivyotakiwa. Televisheni pia. Nikashukuru Mungu, nikakumbuka na ahadi yangu, nikaisogeza pembeni kwanza.

Ramadhani akapiga tena. Gari lilikuwa limechelewa, alitaka kumsalimia mama yake kwa utulivu. Mimi nikapokea, nikatoka uani kifua mbele, nikasema ili kila mtu asikie, "Mama Hawa, njoo umwone sasa. Sawasawa kama alivyo."

Akaja anafuta mikono, anacheka bado. Akatazama. Ramadhani alikuwa amevua kofia. Mashavu yalikuwa hayapo. Mifupa ya uso ilikuwa imetoka, macho yameingia ndani, na shingo nyembamba imesimama katikati ya kola ya sare yake ya ulinzi, kama ya mtu mwingine mkubwa zaidi yake. Nyimbo zikapungua moja moja mpaka zikaisha.

"Ramadhani," akasema Mama Hawa. "Unaumwa?"

"Hapana, mama. Ni joto la huku."

"Unakula?"

"Nakula, mama." Akatabasamu, na afadhali asingetabasamu. "Gari limekuja. Mpe Sauda salamu."

Akakata. Mama Hawa alibaki amesimama mbele ya televisheni, ambayo sasa ilikuwa inaonyesha magunia ya mchele vizuri sana, ungeweza kusoma maandishi. Hakulia safari hii. Akageuka akaniuliza, bila hasira kabisa, kama mtu anayetaka tu kujua, "Wafula, ile ya kwanza ilikuwa na kosa gani?"

Nikasema, "Mama, hii ndiyo mbovu. Hii draiva inakondesha watu." Nimesema uongo mwingi siku ile, huo ndio pekee nisioujutia, na ndio pekee ambao hakuna aliyeucheka.

Tangu siku hiyo mtu akiniletea mashine ambayo skrini inavuta picha, kwanza nageuza nasoma namba, hata kama kuna gundi, hata kama betri itadondoka. Halafu namuuliza mwenyewe nini kinamkera, na akisema hakimkeri kitu, namrudishia kama ilivyo. Waragi niliacha wiki chache, tusiongelee.

Mama Hawa huja dukani kila Ijumaa kumwona mwanawe. Nikiona anavuka mtaro na sahani yake, naifungua ile laptopu, naingia kwenye mipangilio ya skrini, naivuta picha kwa upana, si sana, kiasi tu. Anakaa, anamtazama, anasema, "Leo afadhali." Hajawahi kuniuliza kitu. Ila Ijumaa moja nilisahau, akatazama kidogo, akanigusa mkono, akasema, "Wafula, iweke ile yangu."